Barua za Udongo Mbichi

Mama Gwakisa anasema aliona kwa macho yake mawili, na asiyeamini akamuulize Mungu. Anasema asubuhi ile alitangulia kwenye shimo la udongo kabla ya wenzake, maana ukichelewa unakuta pazuri pameshachimbwa na wewe umeachiwa mchanga. Akamkuta Subilaga amepiga magoti, amesogeza uso kwenye ukuta wa shimo, anauambia maneno. Si Kikisi cha nyumbani, si Kiswahili, wala si kile Kiingereza cha redioni. Na udongo, anasema Mama Gwakisa, ukawa unapanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala. Subilaga alipomaliza, udongo ukamjibu.

"Ukamjibu nini?" watu walimuuliza.

"Ningejuaje? Kwani mimi Kiudongo nimesomea wapi?"

Watu wakacheka. Lakini tangu siku hiyo wanawake wa kijiji wakaacha kwenda shimoni peke yao, na vyungu vya Subilaga vikawa vinarudi nyumbani vyote kila siku ya soko.

Tusajigwe, bintiye Subilaga, hakubishana na jirani. Hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha darasa la saba, na kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa kutazama na kungoja. Chungu hukikaushi juani, kitapasuka. Unakiweka kivulini unangoja. Moto huuwashi upepo ukivuma, unangoja. Basi alimwacha jirani aseme. Yeye mwenyewe alikuwepo shimoni asubuhi ile, nyuma ya matete, na alichokiona kilikuwa kibaya kuliko cha Mama Gwakisa. Mama yake hakuwa akiongea na udongo. Alikuwa akiusoma. Ukuta mzima wa shimo ulikuwa umejaa vialama vyenye kichwa kipana na mkia mwembamba, kama misumari iliyomwagika, na mama alikuwa akipitisha kidole juu yake mstari kwa mstari, akisoma kwa sauti maneno aliyoyaandika mwenyewe.

Na hapo nyuma, mama hakujua hata a.

*

Haya mambo yalitoka kilimani, kwenye Jumba la Ndimi. Kazi ya jumba lile ilikuwa kufufua lugha zilizokufa. Mashine zao zilikuwa zimesoma kila kibao cha udongo kilichofukuliwa kule kati ya mito miwili, nchi ya Iraki, maelfu kwa maelfu, na zilijua kila alama. Lakini kujua alama si kujua lugha. Kiakadi, lugha mojawapo ya vibao vile, kiliwapa nafuu, kwa kuwa kina ndugu hadi leo, Kiarabu kikiwa mmojawapo. Ukikwama, unamuuliza ndugu. Kisumeri, walichokitaka hasa, hakina ndugu. Hakina shangazi wala binamu popote duniani. Kiliacha kusemwa vinywani yapata miaka elfu nne iliyopita, na Waakadi waliokuwa wakiishi nacho nyumba moja wakaendelea kukiandika shuleni karne na karne, kama mtu anayetunza nguo za marehemu.

Basi Jumba wakatengeneza punje. Ndogo, kama ya ulezi. Ndani yake mashine ilipanga Kisumeri chote kinachojulikana, na penye pengo ikashona yenyewe. Punje inapandwa nyuma ya sikio, inaota mizizi pale ambapo mtu huhifadhi maneno yake, na baada ya hapo haiongozwi na mtu. Inajikulia. Hata walioipanda hawajui itakachosema kesho.

Walitaka mfinyanzi. Daktari Kihwelo, mkuu wa Jumba, alilisema hilo waziwazi kwenye mkutano wa kijiji: "Maandishi yale yalizaliwa kwenye udongo mbichi. Mtu wangu wa ofisini nikimpa udongo, anatengeneza chapati."

"Na lugha yake ya nyumbani?" aliuliza mzee mmoja.

"Inabaki. Zitakaa pamoja kama wake wenza wenye adabu."

"Wewe uliwaona wapi?" akapaza sauti Mama Gwakisa. "Tutajie mtaa, tukawatembelee!"

Watu walicheka mpaka Daktari naye akacheka. Subilaga peke yake hakucheka. Jioni ile, akiwa anapiga chungu kwa kibao chake cha kupigia, alimwambia binti yake:

"Tusa, wale watu wanafundisha kuandika."

"Kuandika gani huko, mama? Nitakufundisha mimi."

"Ulianza kusema hivyo ukiwa darasa la tatu."

Ilikuwa kweli. Mama yake alikuwa akimnunulia madaftari, akiyafungua kurasa, akiyanusa, akisema, "Haya, andika jina langu nilione." Naye alikuwa akiandika haraka haraka, SUBILAGA, halafu anakimbilia mchezoni. Nifundishe basi hata hilo moja. Kesho, mama. Miaka kumi na mitatu ya kesho. Mkataba wa Jumba mama aliuwekea dole gumba, na aliporudi nyumbani alikiangalia kidole chenye wino akasema, "Hiki ndicho cha mwisho."

*

Siku kumi za mwanzo baada ya punje kupandwa zilikuwa za furaha. Mama alikata tete ufukweni, akalichonga ncha, akawa anabonyeza alama kwenye udongo na kuzicheka. Aliimba jina la kila kitu. Udongo, alisema, ni *im*. Maji ni *a*. Mama ni *ama*. Mtoto ni *dumu*.

"Anakuita dumu!" Mama Gwakisa alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ua. "Tusa mwanangu, shukuru hujaitwa ndoo!"

Siku ya kumi na mbili Tusajigwe alimsalimu mama yake, naye akamtazama midomo kama mtu anayetazama midomo ya samaki. Kisha akaokota salamu, akajibu. Siku ya kumi na sita hakuiokota. Kikisi kilitoka kwanza, kisha Kiswahili, neno moja moja, kimyakimya, kama watu wanaoondoka matangani bila kuaga. Watu wa Jumba walikuwa wakija kila Alhamisi na sinia zao. Waliomba orodha: majina ya miti, majina ya samaki, majina ya vyombo. Mama aliandika kwenye meza yao, wakafunga vibao vyao kwa pamba, wakaenda. Tusajigwe aliwauliza, wakamwambia hiyo ni kawaida, lugha ya zamani imejificha tu. Na kama mbebaji ataona vibaya, anayo haki ya kuomba punje ing'olewe kabla ya siku ya arobaini, na maneno yake ya nyumbani yatarudi. Ila aombe mwenyewe. Hawawezi kumng'olea mtu kwa ombi la jirani.

Tusajigwe aliridhika. Angoje, basi. Mama akitaka, ataomba.

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na desturi ya tangu kwa bibi. Udongo haupotei. Chungu kilichopinda kabla ya kuchomwa, kipande kilichobaki, bonge lililokauka, vyote vinarudi kwenye beseni la maji, vinalowa, vinakuwa tope, vinafinyangwa upya. Kisichopita motoni si kitu bado. Na mtu akikuwekea udongo juu ya kigoda chako, maana yake ni moja: huu ni wako kuloweka. Tusajigwe alilelewa hivyo. Akirudi shule akikuta bonge kigodani, anajua kazi yake kabla ya chakula.

Siku ya ishirini alikuta kibao kigodani. Kidogo, cha kutosha kiganjani, kimejaa misumari pande zote mbili, na chini kabisa alama tatu za kucha, ile nembo ambayo mama yake alikuwa akiiweka kwenye matako ya vyungu vyake tangu ujana. Akaona ni mazoezi, kama yeye alivyokuwa akijaza madaftari na a, e, i, o, u. Akakichukua, akakitumbukiza kwenye beseni. Mama alikuwa ameketi mlangoni, anamwangalia.

Kesho yake akakuta kingine. Akakiloweka. Kesho kutwa kingine. Mama yake alikuwa akiketi palepale mlangoni kila mara, mikono magotini, akimtazama mpaka viputo viishe. Mara moja alisimama, akasema neno refu, akakaa tena. Tusajigwe alimtabasamia akamwonyesha mikono yenye tope, kama kusema: nimefanya, mama, kazi imefanyika.

Vilikuwa vibao kumi na kimoja. Halafu vikakoma.

*

Mvua ikaingia. Vyungu thelathini na vinne vilikuwa vimekauka, vinangoja moto, lakini nyasi zilikuwa mbichi na kuni zinalia maji. Mtu mwingine angejaribu. Tusajigwe alingoja. Alingoja siku tisa, ya kumi jua likatoka, naye akapanga vyungu uwanjani, akavifunika kuni na nyasi, akawasha adhuhuri. Kesho yake asubuhi vilikuwa vimepoa. Akaanza kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, kwa kuwa chungu kizima kinaimba na chenye ufa kinakohoa.

Chungu kimoja cha mdomo uliomeguka hakikuimba wala hakikukohoa. Kilicheza kama kayamba.

Akakiinamisha. Kikadondoka kibao, chekundu, kigumu kama kigae. Alama tatu za kucha chini.

Alikigeuza mkononi. Tope unaliweka kwenye maji. Kitu unachotaka kibaki unakitia motoni. Hakuna mfinyanzi asiyelijua hilo. Mama alikuwa amekitia motoni makusudi. Na alikuwa amekificha ili yeye, Tusajigwe, asikione kikiwa kibichi.

Alipanda kilimani mbio, na majivu miguuni.

*

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Keti. Mbona unatweta?"

Tusajigwe alikiweka kibao mezani. Daktari Kihwelo, mzee mwembamba mwenye sweta hata wakati wa joto, alikisogeza chini ya kioo cha kusomea. Kioo kikamulika, kikang'amua alama moja baada ya nyingine, na maneno ya Kiswahili yakaanza kujipanga kwenye ukuta. Alisoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, akainua macho.

"Soma," alisema Tusajigwe. "Mimi nasoma polepole. Soma wewe."

Akasoma.

*Mwambie Tusajigwe, binti yangu. Hivi ndivyo asemavyo Subilaga, mama yake.*

"Ndivyo barua zao zilivyoanza," alisema Daktari, bila kuulizwa. "Zinamwagiza mpelekaji. Mwambie fulani..."

"Soma."

*Hii ni ya kumi na mbili. Zile kumi na moja umezitia majini mimi nikiona. Mwanangu, nimejua kuandika. Jina lako nimeliandika kwa mkono wangu na ni zuri. Lakini kila neno ninaloandika, moja la nyumbani linatoka. Jana limetoka jina la baba yako. Kabla halijatoka lako, waambie watu wa kilimani waing'oe. Mimi nikiwaambia wananiomba majina ya samaki. Kama nilikukosea, niambie kosa langu. Usinijibu kwa maji. Hii naiweka motoni, maji yasiiweze.*

Nje, mtu alikuwa akifagia.

"Aliiandika lini?" Daktari aliuliza hatimaye.

Tusajigwe alijua. Chungu cha mdomo uliomeguka kilimeguka siku alipokipandisha darini, siku ya thelathini na moja, na mama alipanda darini mara moja tu baada ya hapo, kabla mvua haijaanza; hakikushushwa tena mpaka jana. "Siku ya thelathini na mbili. Au tatu."

"Na leo?"

"Arobaini na nne."

Siku tisa za mvua. Kama angekuwa mtu wa haraka, kama angekuwa kama Mama Gwakisa anayechoma vyungu hata kwa matairi ya baiskeli, angekipata ndani ya muda.

"Mlikuwa mkija kila Alhamisi," alisema. "Aliwaambia. Ameandika hapa kwamba aliwaambia."

"Tulirekodi kila alichosema. Kuelewa kunachukua miezi, binti. Kisumeri chake kimeshatupita. Tunachokisoma vizuri ni maandishi, na maandishi ya nyumbani hatukuyachukua. Mradi ulitaka orodha."

"Vilikuwa kigodani. Mlikuwa mkipita hapohapo."

"Tulipita," alisema Daktari Kihwelo.

Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetembea kwenye utelezi. Kabla ya siku ya arobaini punje ni kama mche; unaung'oa na udongo unabaki. Baada ya hapo mzizi umeshika pote. Ukiivuta sasa inatoka na kila kitu. Mama hatasema Kisumeri, wala Kikisi, wala Kiswahili. Atakula, atalala, mikono yake labda itaendelea kufinyanga. Neno hatakuwa nalo hata moja, hata la kuwazia.

"Na ikibaki?"

"Atakuwa na lugha nzima. Anaisema vizuri kuliko kitabu chochote. Anatunga mafumbo, binti, tumesikia. Ila atakuwa peke yake ndani yake."

"Wewe unataka ipi?"

Daktari aliinua mkono kama anayejikinga na moshi. "Mimi usinisikilize. Miaka kumi na tisa nimengoja kusikia lugha hii ikimkaripia kuku. Ukiniuliza mimi, nitakudanganya na nitajiona nasema kweli."

"Basi muulizeni yeye. Mwandikieni."

"Tulimwandikia jana." Alivuta droo, akatoa kibao cha mashine, alama zimenyooka kama zilizopigwa kwa rula. "Tulimuuliza kama anataka tuing'oe. Angalia."

Juu ya alama za mashine palikuwa na mikwaruzo ya kucha. Hapa mstari umefutwa, pale alama imeongezwa, kule imegeuzwa.

"Amesahihisha makosa yetu," alisema Daktari. "Akaturudishia. Jibu hakuandika."

Tusajigwe alielewa, na Daktari hakuelewa. Mama yake alikuwa ameandika mara kumi na mbili na kujibiwa kwa maji mara kumi na moja. Mtu wa namna hiyo haandiki ya kumi na tatu.

"Chombo cha kung'olea kinaondoka kesho saa tatu asubuhi," Daktari alisema. "Hakirudi hadi mwakani. Barua hii iliomba mche ung'olewe; kwa hili la sasa, mbebaji asipojibu, mkataba unamtaka ndugu aamue. Ndugu ni wewe."

Alimsogezea karatasi ya kutia sahihi. Tusajigwe hakuiangalia. Alifunga kibao kwenye kanga, akakiweka tumboni kama mtu aliyebeba mtoto, akashuka.

*

Mama Gwakisa alikuwa ameegemea ukuta wa ua kabla Tusajigwe hajafika mlangoni. Habari ilikuwa imemtangulia, kama kawaida yake.

"Ing'olewe, mwanangu! Bora bubu kuliko mwenye jini."

"Si jini, mama."

"Sawa, si jini. Lakini mtu anasema na nani mle ndani? Mimi nikikosa wa kusema naye nusu siku, naumwa." Akaangalia chini, na sauti yake ikapungua. "Zamani tulikuwa tukitukanana vizuri sana, mimi na mama yako. Tangu mwezi uliopita namtukana peke yangu. Haina ladha."

Subilaga alikuwa kwenye kigoda chake chini ya paa la jikoni, anapiga chungu kipya. Mikono yake ilikuwa ileile. Kibao kinapiga nje, jiwe linapokea ndani, chungu kinazunguka na kukua. Alikuwa akiimba kwa pumzi, wimbo usiojulikana na mtu yeyote aliye hai, na ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuumiza Tusajigwe kuliko yote. Alitaka uwe mbaya, ili aamue.

Akaketi mbele yake. Akatoa kile kibao chekundu, akakishika kwa mikono miwili mama akione. Mama akaacha kuimba. Akakitazama kibao, akamtazama binti yake, kisha akarudi kupiga chungu, polepole zaidi.

"Kimenifikia, mama," alisema Tusajigwe. "Kimechelewa. Nilidhani ni udongo wa kuloweka. Uliweka kigodani, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha kigodani."

Mama alipiga chungu.

Akachota bonge la udongo mbichi, akalisawazisha mpaka likawa kama kiganja. Akachukua tete la mama yake. Kisumeri hakukijua; alama za mashine hakuwa nazo, na hata angekuwa nazo, yeye alitaka aandike kwa mkono wake, si kwa mkono wa Jumba. Akaandika herufi alizofundishwa darasa la kwanza, kubwa, zilizopinda kwa kuwa tete halipendi mviringo: MAMA NIFANYE NINI. Chini akaminya kucha mara tatu, mahali pa nembo.

Hakukitia motoni. Hapakuwa na muda wa kukauka. Kesho saa tatu ilikuwa karibu. Alikiweka mapajani mwa mama yake, kibichi.

Subilaga aliweka chini kibao chake cha kupigia. Alikiinua kile cha binti yake karibu na macho, akapitisha kidole juu ya kila herufi, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tena. Kwenye alama tatu za kucha kidole kilisimama. Alimtazama Tusajigwe usoni, muda mrefu, kwa macho ambayo hayakuwa na hasira wala usahaulifu, na Tusajigwe akasogea mbele.

Mama alisimama. Alikwenda kwenye beseni, akainama, akakiteremsha kibao majini kwa mikono miwili, taratibu, kama alivyomfundisha binti yake kufanya ili udongo usipasuke ovyo. Kisha akarudi kwenye kigoda, akaketi, akaweka mikono magotini, akawa anamwangalia.

Huenda alifanya tu kile ambacho mfinyanzi hufanya na udongo usiochomwa. Huenda lilikuwa jibu. Tusajigwe alimtazama mama yake, akatazama maji. M ilikuwa imeshaanza kulegea. Kiputo kikapanda, kikapasuka, kikafuatwa na kingine.

"Mama," alisema. "Usinijibu kwa maji."